Sensa za Upepo kwenye Rimu Mpya: Zikague Kabla Tairi Halijapandishwa

Unapobadilisha rimu za gari lako, omba usimame karibu na mashine wakati tairi bado liko chini. Rimu utaitazama miaka yote utakayokuwa na gari. Sensa ya upepo iliyofungwa ndani yake utaiona kwa dakika chache tu, kisha tairi litaifunika pamoja na kosa lolote la fundi.

Kwanza jua kama gari lako linahitaji sensa hizo. Japani haikuulazimisha kisheria mfumo wa kuonya upepo wa tairi unapopungua, ndiyo maana magari mengi tunayoagiza kutoka huko hayana sensa. Marekani iliamka baada ya ajali za Ford Explorer zilizokuwa na matairi ya Firestone: sheria ikapitishwa mwaka 2000, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya likatakiwa kuwa na onyo la upepo. Ulaya ililazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Kwa hiyo gari la karibuni lililotoka Uingereza lina mfumo huo kwa namna moja au nyingine. Nasema hivyo kwa sababu baadhi ya magari hupima kwa kulinganisha mwendo wa magurudumu kupitia mfumo wa breki wa ABS, bila kifaa chochote ndani ya rimu. Hayo ukiyawekea rimu mpya, unajaza upepo sawasawa na kuanzisha mfumo upya kwenye menyu. Muuzaji anayekutolea sensa nne kabla ya kukuuliza gari lako ni la kundi gani, muage.

Swali la pili ni masafa. Sensa za Ulaya kwa kawaida hutuma kwa megahezi 433, za Marekani na Japani mara nyingi kwa 315. Ukikosea hapo, sensa itafungika vizuri na kushika upepo barabara, lakini gari halitaisikia kamwe. Swali la tatu ni umri. Betri imezibwa ndani na haibadilishwi. Hudumu kati ya miaka 5 na 10. Kuhamishia sensa za miaka minane kwenye rimu mpya ni kujiandalia gharama ya kuvua tairi tena.

Sasa shika sensa mkononi, uitazame valvu yake. Ya mpira huvutwa ikapita kwenye tundu; ya alumini hufungwa kwa nati. Kwa gari linalokimbizwa sana barabara kuu, alumini hutulia zaidi. Kwa gari la Tanga, Mombasa au Unguja linalozunguka mjini, mimi nachagua mpira kila inapowezekana, maana chumvi ya pwani huila alumini bila huruma. Ukilazimika kuweka alumini, fungua kofia utazame kile kisindano cha ndani: kiwe cheupe, kilichopakwa nikeli. Kisindano cha shaba ya njano kikikaa ndani ya alumini, metali hizo mbili huulana mahali penye unyevu na kushikana kabisa. Siku ya kukifungua, shina lote hukatika na sensa nzima inatupwa. Kofia nayo iwe ya plastiki. Kofia za chuma zinazong'aa zimeshaua valvu nyingi nzuri.

Kazi ya kweli iko kwenye rimu. Tundu la valvu kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 11.3. Rimu za kiwandani hutengenezwa zikijua sensa itakaa wapi. Rimu za spoti za dukani mara nyingi huchorwa kwa ajili ya macho. Pitisha kidole kuzunguka tundu, ndani na nje. Ukigusa rangi iliyoganda au ncha kali, hapo ndipo upepo utakapovujia, kwani mpira wa kuziba unahitaji uso laini na bapa. Kisha tazama sensa ilivyolala. Itulie kwenye bonde la rimu kwa pembe yake yenyewe, bila kukunjwa kwa nguvu. Weka rula ivuke mabega mawili yanayokaliwa na kingo za tairi: sensa ibaki chini ya rula. Ikizidi, ukingo wa tairi utaigonga wakati wa kupandishwa. Fundi akisema "itaingia tu," mzuie. Rimu hiyo inataka sensa yenye pembe nyingine.

Nati ni ndogo na haitaki ubabe. Watengenezaji wengi hutaja mkazo wa nyutoni mita 4 hadi 8, hivyo mwenye spana ya kupimia mkazo amekuonyesha ustadi wake kabla hajasema neno. Wakati wa kupandisha tairi, angalia ukingo wa mwisho usishukie penye valvu. Kisha fundi apake maji ya sabuni kwenye shina kuona kama upepo unavuja, na abalansi gurudumu, maana sensa na valvu zimeongeza uzito upande mmoja.

Mwisho, omba kuona kwenye kifaa cha fundi namba za sensa zote nne pamoja na upepo unaosomwa. Linganisha na geji ya mkono. Tofauti ya PSI moja au mbili inavumilika. Kwenye dashibodi, taa ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, kasoro iko kwenye mfumo, nawe rudi kwa fundi. Wala taa kuzimika si ruhusa ya kuitupa geji: kiwango cha Marekani hudai onyo upepo unapopungua kwa robo, yaani tairi la PSI 35 linaweza kushuka hadi karibu 26 taa ikiwa kimya.

Rimu ikipinda kwenye shimo na kupelekwa kunyooshwa kwa moto, sensa itolewe kwanza. Ikirudishwa, mpira wa kuziba, washa, nati na kisindano viwe vipya vyote, hata kama vya zamani vinaonekana vizima.