Msusi wa Ringi

Baiskeli iliyonitia hasara haikuwa ya bei poa. Ilikuwa ya aluminiamu, gia 21, breki za diski, rangi inayong'aa kama gari la harusi, na kwa fedha niliyotoa ningepata Phoenix mbili na chenji ya soda. Mwezi wa tatu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Kisha spoku zikaanza kukatika, moja leo, nyingine Ijumaa. Dukani wakaniambia nimebeba mzigo mzito. Mzigo wenyewe ulikuwa mimi.

Nikaikokota hadi kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini, nyuma ya soko. Hakuuliza bei wala hakuisifu rangi. Aliipindua miguu juu, akazungusha gurudumu, halafu akaanza kugonga spoku kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, sikio kalitega kama mpiga udi anayetafuta sauti. Moja ililia kwa sauti nyembamba, iliyofuata ikatoa mlio wa kopo.

"Hii haijasukwa, kaka," akasema. "Imefungwa tu."

Mafundi husema wanasuka ringi, na kitenzi hicho kimekaa mahali pake. Spoku ikitoka kwenye habu hupishana na wenzake watatu: wawili huwapita kwa juu, wa tatu humpita kwa chini, kama miyaa kwenye ukili. Uzuri wa kazi, hata hivyo, hauko kwenye mapishano hayo, ambayo hata mtoto mwenye subira atayajua kwa siku moja. Uko kwenye mvuto, kitu kisichoonekana kwa macho.

Waya hauwezi kusukuma, ukiukandamiza unajikunja. Basi fundi huuvuta kwanza, kabla haujabebeshwa chochote, ili upate akiba. Unapokalia baiskeli, spoku zilizo chini karibu na ardhi hulegea kidogo, zikipanda hukaza tena. Jobst Brandt, mhandisi aliyeliandikia gurudumu la baiskeli kitabu kizima mwaka 1981, alieleza kwamba gurudumu husimama juu ya spoku hizo za chini, ingawa ni nyaya tu. Kwa tairi la inchi 28, kila spoku hulegea na kukaza mara 450 hivi kwa kilomita moja. Nenda Morogoro kutoka Dar es Salaam, utakuwa umeipindisha roho yake zaidi ya mara 80,000. Chuma huchoshwa na huko kulegea na kukaza, na hukatikia pale kwenye kiwiko, kinapoingia kwenye habu. Ndiyo maana iliyolegea hukatika mapema kuliko iliyokazwa sawasawa. Maisha yangu yote nilikuwa naamini kinyume chake.

Fundi alizifungua zote, akasuka upya. Kipande cha chaki alikishikiza kwenye fremu karibu na ringi. Chaki ilipogusa, ndipo palipotoka nje ya mstari. Hapo alikaza spoku ya kushoto robo mzunguko, akalegeza ya kulia robo, akazungusha, akatazama. Robo mzunguko, si zaidi. Kisha akazikaba mbilimbili kwa viganja, kwa nguvu, nazo zikatoa vilio vidogo zikijipanga. Ilichukua muda wa kunywa chai mara mbili. Aliniomba shilingi 8,000, nikaona aibu kuomba punguzo.

Je, baiskeli ya bei kubwa inastahili? Sitamdanganya mtu: ipo siku inastahili. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja, kwenye baiskeli ya kisasa na mkao wa mikono iliyonyooshwa mbele kabisa. Wakubwa wa mchezo baadaye wakataka rekodi ya saa moja iwaniwe kwa baiskeli ya mtindo wa Eddy Merckx, aliyefikisha kilomita 49.431 huko Mexico mwaka 1972. Boardman akarudi mwaka 2000, akapata 49.441. Mita 10 tu zaidi! Umri ulikuwa umemla kidogo, sawa, lakini sehemu kubwa ya zile kilomita saba ilitoka kwenye umbo la chombo na mkao uliokuja nacho. Anayeishi kwa kupimwa saa na alipe.

Mimi saa yangu hakuna anayeipima, wala ya muuza mkaa ninayepishana naye alfajiri, magunia matatu nyuma, baiskeli ya chuma nzito kama mlango. Zile za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko mzigo ulikokaa. Aliyeamua hivyo alimfikiria mbebaji. Yangu iliuzwa na mtu aliyefikiria kioo cha duka.

Mwaka wa pili sasa ile ringi haijayumba. Baiskeli nyingine zikinipita sizionei wivu, ila nikiingia dukani nimekuwa na tabia mbaya: kabla ya kutazama bei nachuchumaa nagonga spoku. Juzi muuzaji aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu, nasikiliza. Akaenda ndani, akaniletea spika ndogo ya kufunga kwenye usukani.