Umbo Zima na Nukta Iliyoachwa

Katika makala yake ya mwaka 1923, Max Wertheimer alionyesha kwamba jicho halijumlishi nukta moja moja. Nukta zilizo karibu, au zinazofanana, akili huziona mara moja kuwa kundi. Na mistari miwili ikatizanapo, kila mmoja huonekana ukishika njia yake. Hoja hiyo ingali imara.

Udhaifu wake ni huu: kanuni hizo zaeleza jinsi umbo lionekanavyo, wala hazisemi kama umbo hilo ni la kweli. Pembetatu ya Gaetano Kanizsa (1955) yaonekana wazi, ingawa kingo zake hazikuchorwa.

Tena hatari si ya macho tu. Mwaka 1933 Wertheimer, aliyekuwa Myahudi, aliihama Ujerumani. Na mwaka 1937 mwanasaikolojia Friedrich Sander alilitumia wazo la umbo kamili kutetea kuondolewa kwa Wayahudi katika taifa, kana kwamba taifa ni mchoro usiotaka doa.

Basi mfasiri wa maandiko, apendezwapo na ukamilifu wa jambo, na aulize kwanza: ni nukta ipi iliyoachwa nje ili umbo hili lipendeze?