Zima Injini Kwanza: Jinsi ya Kuikagua Boti Ndogo Iliyotiwa Umeme

Katika Ziwa Babati mitumbwi bado ndiyo mingi. Boti ya injini yenye turubai, taa na mahali pa kuchajia simu husimuliwa mjini kabla haijashushwa majini, na watu huisifia kwa vitu vinavyoonekana: taa za buluu chini ya viti, spika, kijokofu nyuma ya nahodha. Vyote hivyo vinauzwa dukani, na mwenye hela hununua. Kazi ya fundi ni jambo lingine, na haijulikani mpaka injini izimwe, boti ibaki inakula akiba yake yenyewe.

Hapa injini huzimwa sana. Mgeni amekuja kutazama viboko kwa mbali, na ndege kwenye matete; hataki ngurumo. Halafu ukingo wa ziwa hili hautulii mahali pamoja. Maji hupanda na kurudi, na mwaka 1990 yalifurika hadi mjini. Asikwambie mtu kwamba boti itachajiwa kwa waya mrefu kutoka kwenye nguzo ya TANESCO. Umeme wake utatoka juani na kwenye injini yake yenyewe.

Basi ukiitwa kuitazama boti ya kununua, au kupokea kazi uliyoagiza, omba injini izimwe na kila kitu kiwashwe: taa zote, pampu, jokofu, chaja. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye kifaa kilicho mbali zaidi. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu. Subiri robo saa, kisha gusa fyuzi, swichi na kila kiungo unachoweza kukifikia. Kazi nzuri haipati joto. Kipimo hiki hakihitaji chochote zaidi ya mita ya bei nafuu, na kinamnyamazisha muuzaji kuliko maswali mengi.

Waya ndio moyo wa jambo lote, na ndipo mafundi wengi wazuri wa nyumba huanguka. Nyumbani, kifaa cha wati 60 kwenye volti 230 kinavuta robo ya ampea tu. Kifaa hichohicho kwenye volti 12 kinavuta ampea 5, yaani karibu mara ishirini. Chukua boti ambayo jokofu la wati hizo liko mita 5 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba utapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Kwa waya wa 2.5 utapoteza kama theluthi moja ya volti, na jokofu halitalalamika. Fundi anayekuuliza urefu wa boti kabla ya kutaja bei ya waya ameshakuonyesha kwamba anaijua kazi.

Kisha angalia waya wenyewe. Ule mgumu wa ukutani, wenye uzi mmoja mnene, haufai chomboni. Mtikisiko wa injini huukata ndani ya gamba lake, na hutajua umekatika wapi. Unatakiwa waya laini wa nyuzi nyingi. Ukwangue kidogo kwa kisu. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, bora kuliko zote, lipa. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Rudisha, hata kama rola imeandikwa maneno gani. Shaba tupu, nyekundu mpaka ndani, inatosha kwa maji baridi ya Babati ukiifunga vizuri. Ukitaka kuihamishia boti Ziwa Burunge, kwenye maji ya magadi, usibane pesa.

Viungo navyo vina sura zao. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu nyeusi ni kazi ya bodaboda iliyoharibikiwa porini, si ya chombo cha maji. Kiungo kizuri kimebanwa kwa koleo lake maalumu, kimevishwa mpira unaoshikamana kwa moto, na ukikivuta kwa nguvu ya mkono hakichomoki. Lehemu peke yake haitoshi: inaugumisha waya, na unapoishia ugumu ndipo unapokatikia. Tazama pia kama waya umeachwa uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa, ili tone la maji lidondokee chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Fundi aliyefikiria tone hilo amefikiria mengi.

Fyuzi yafaa iwe karibu na ncha chanya ya betri, isizidi shubiri moja. Wengi huiweka karibu na kifaa wakidhani inakilinda kifaa. Inalinda waya. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, na waya ukishikana pale, moto unaanzia pale. Waya wa 2.5 upewe ampea 15 au 20. Ukikuta 40, au karatasi ya sigara imezungushiwa fyuzi iliyoungua, huna haja ya kuendelea na ukaguzi.

Kwenye betri, watu hudanganywa na uzito na rangi. Betri ya gari imeumbwa kwa kazi ya sekunde chache: sahani zake nyembamba hutoa mamia ya ampea kuwasha injini, kisha hupumzika. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha kila wiki, itakufa mapema. Ya kazi ya polepole ina sahani nene. Hata hivyo, betri ya risasi ya ampea-saa (Ah) 100 ihesabu kuwa na 50 za kutumia. Ukizidi hapo mara kwa mara unaila betri yenyewe. Ikipumzika imejaa huonyesha volti 12.6 au 12.7; ikifika karibu na 12.1 uko nusu. Lithiamu ya fosfeti ya chuma hutoa sehemu kubwa ya akiba yake bila kuumia, tena uzito wake hauzidi nusu ya ile ya risasi, jambo kubwa kwa boti ndogo inayoinamia upande mmoja. Lakini usiipime kwa volti, kwa kuwa husimama palepale karibu 13.2 kwa muda mrefu kisha inaporomoka. Na asikuwekee mtu lithiamu akiiunga moja kwa moja na chaji ya injini bila kidhibiti kati yake.

Popote betri ilipo, itikise. Isisogee. Ya risasi inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayopanda juu, kwa hiyo iwekewe tundu la hewa juu. Mvuke wa petroli hufanya kinyume: huzama hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa hapo. Swichi inayotoa cheche chini, jirani na tangi, ni kosa ambalo usilisamehe kwa punguzo la bei.

Ukiwa kwenye ngama, inua kwa kidole kile kielea cha pampu. Iwake, hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Pampu iwe na waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, kwa sababu boti huzama usiku wakati mwenyewe amelala nyumbani, Komoto au Bagara.

Paneli ya jua nadhani ndiyo rahisi kuliko vyote. Tuko nyuzi kama 4 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, hivyo paneli iliyolazwa juu ya turubai haipotezi sana; iwe tu na mwinamo mdogo wa maji kutiririka. Ya wati 100 ikikupa wati-saa 350 kwa siku njema, shukuru. Kinachoiua ni kivuli. Mlingoti mwembamba au kinyesi cha ndege juu ya seli chache hupunguza umeme zaidi ya ukubwa wa eneo lililofunikwa. Simama nje uone saa nne asubuhi kivuli cha mlingoti kinaangukia wapi.

Starehe sasa. Birika la umeme la wati 1,500 litavuta zaidi ya ampea 125 kwenye betri ya volti 12; anayeliweka kwenye boti ya futi 18 anajionyesha. Chupa ya chai haiombi ampea hata moja. Inveta nayo, nikiikuta imewekwa kwa ajili ya kuchaji simu tu, hunipa shaka: umeme unapandishwa hadi 230 ili chaja iushushe tena hadi 5, na kila hatua inakatwa ushuru. Soketi ya USB ya volti 12 inatosha. Jokofu la kompresa ni zuri kwa anayelala majini. Kwa safari ya asubuhi hadi mchana, sanduku lenye kuta nene na barafu ya sokoni linashinda, na hela iliyobaki iende kwenye waya. Vile vijokofu vya bei rahisi visivyo na kompresa huvuta umeme mfululizo na juani havifiki ubaridi wa maana.

Taa za ndani ziwe za njano na hafifu. Nyeupe kali huita wadudu wote wa matete na humpofusha nahodha. Za nje si za urembo: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na zisichanganywe na zile za buluu.

Kabla ya kulipa salio, mwombe fundi mchoro wa waya aliouchora mwenyewe, majina yaliyobandikwa kwenye kila waya, na fyuzi za akiba za kila ukubwa. Akisema yote yako kichwani mwake, zuia salio lake mpaka yawe kwenye karatasi.