Shibiri Moja Juu ya Udongo

Mtazame mtu anayenunua mche wa mwembe katika vitalu vya kando ya barabara, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Macho yake yanakwenda juu. Anatafuta mche mrefu wenye majani yanayong'aa, na akiupata wenye kijiembe kimoja kinachoning'inia, hapo habishanii bei tena. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana miche ya namna hiyo hupangwa mstari wa mbele na kumwagiwa maji asubuhi na mapema. Anayejua miche huinama. Anachokitafuta kiko katika shibiri moja ya shina, kuanzia udongo wa kiriba kwenda juu, na katika kiriba chenyewe. Hapo ndipo linapoamuliwa kama mti huo utalisha wajukuu au utakuwa kuni.

Mche wa kubebeshwa ni miti miwili iliyolazimishwa kuwa mmoja. Chini kuna shina lililoota kutoka kwenye kokwa la embe lolote lenye nguvu. Juu kuna kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mti unaozaa, kikachongwa kabari, kikapachikwa katika mpasuko wa shina la chini na kufungwa kwa nailoni. Chini ya gome kuna utando mwembamba, na utando wa kikonyo ukigusana na wa shina, vipande viwili huanza kuota pamoja. Usipogusana, hakuna mche hapo, hata kama majani yapo.

Na majani yanaweza kuwapo. Hili ndilo linalowaponza wengi. Kikonyo huja na akiba yake ya chakula, na kwa akiba hiyo kinaweza kuchipua mara moja, majani mororo ya rangi ya shaba, huku kiungo hakijashika. Mche ukiuzwa katika wiki hizo unapendeza kweli, kisha unakauka nyumbani na lawama anabebeshwa mwenye nyumba kwamba hakumwagilia. Kwa hiyo hesabu matoleo ya majani juu ya kiungo. Unataka mawili au zaidi: la kwanza limeshakomaa na kuwa gumu, rangi ya kijani iliyokolea, na la pili juu yake. Mche wa hivyo umeshakula kutoka kwenye mizizi.

Kisha shika kiungo chenyewe. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kiwe chini yake, cha kulia kiwe juu, upinde kidogo sana, kama mtu anayejaribu kijiti asichotaka kukivunja. Kisionyeshe ufa, kisitoe sauti. Tazama gome: la chini na la juu kwa kawaida hayafanani rangi wala ukwaruzo, na shina hujikunja kidogo pale yanapokutana. Kovu zuri ni kavu, limejifunga pande zote mbili, halitoi utomvu. Nailoni ikiwa bado imefungwa na mche ni wa miezi mingi, ifungue. Iliyosahauliwa hukaba shina, ikaacha kiuno chembamba na uvimbe juu yake, na mti wa namna hiyo unaweza kukatika pale pale siku utakapobeba mzigo wa maembe na upepo ukavuma.

Ipo sababu nyingine ya kuifungua. Wako wauzaji wachache wanaozungusha nailoni kwenye mche wa kokwa na kuuita wa kisasa, wa muda mfupi. Ukifungua hukuti kovu la kabari; gome ni moja kutoka chini hadi juu, limenyooka kama lilivyoota. Muuzaji mwaminifu atakufungulia mwenyewe. Anayekataa amekwisha kujibu.

Matunda kwenye kiriba yanahitaji maelezo kidogo, maana si uongo mtupu. Mche unaotoa ua ukiwa na urefu wa magoti unathibitisha kwamba kikonyo kilitoka kwenye mti uliokomaa, na hilo ni jambo jema. Lakini tunda lenyewe linanyonya nguvu ambayo ingejenga mizizi. Ununue ukipenda, kisha ulitoe tunda siku hiyo hiyo, na maua ya msimu unaofuata pia. Najua inauma.

Sasa kiriba. Kinyanyue. Kikigoma kwa sababu mizizi imetoboa na kushika ardhi, mche huo umekaa kitaluni kuliko unavyostahili, na muuzaji akiung'oa kwa nguvu ndio ameukata mzizi mkuu mbele yako. Mche mrefu katika kiriba kidogo ni mzee, si hodari. Ndani, mizizi yake imezunguka na kuzunguka, na itaendelea kuzunguka hata ukiwa shimoni, mpaka siku moja ijikabe yenyewe. Udongo wa juu ya kiriba ukwangue kwa kidole: shina litoke ardhini likiwa wima, lisicheze ndani ya udongo kama kigingi kwenye tundu pana. Kati ya mche wa futi mbili wenye shina nene kama kidole na wa futi nne mwembamba, chukua mfupi, na usikubali kulipa zaidi kwa ajili ya ule mwingine.

Hayo yote yanakuambia kama mche ni mzima. Hayakuambii kama ni mtamu. Kwa utamu kuna swali moja tu: mama yake yuko wapi? Kitalu kinachojiheshimu kina miti mama, au kinajua ilipo, na katika msimu utaonjeshwa. Jina pekee halitoshi. Dodo, boribo, ngowe na Apple ni majina yanayouza, na dodo hasa limekuwa jina la ukoo mzima. Dodo la jirani yako na dodo la Morogoro huenda hayajuani. Onja kwanza, kisha omba kikonyo cha mti ule ule ulioonja.

Kwa nini kikonyo na si kokwa? Kwa maembe jibu lina pande mbili. Chukua kokwa, pasua ganda lake gumu, ulitazame ndani. Likiwa jino moja zima, mche utakaoota ni mchanganyiko wa wazazi wawili na huwezi kujua utazaa nini. Ndivyo yalivyo Kent, Keitt, Haden na Tommy Atkins, maembe yaliyozaliwa Florida, Marekani. Likiwa limegawanyika vipande vipande na kutoa machipukizi kadhaa, mengi kati yake ni nakala ya mama. Maembe mengi ya zamani ya pwani yetu ni ya aina hii ya pili, ndiyo maana bibi zetu walipanda kokwa na kupata embe lile lile. Walingoja tu, miaka mitano hadi minane, ilhali mche wa kubebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Kwa uani mimi ningeacha Tommy Atkins. Ni embe la safari: linapendeza rangi, linavumilia meli na lori, na nyuzi zake utazisikia kwenye meno. Kent ni tamu na haina nyuzi za kusumbua. Keitt nayo ni nzuri, ila huchelewa kukomaa, na kuchelewa kuna gharama: nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika kwa kasi ya kutisha, huwa amezaliana vya kutosha msimu unapofika mwisho. Kama huna nia ya kutundika mitego wala kufukia maembe yaliyoanguka, panda la mapema.

Michungwa ina hila yake. Ile ya Muheza na kwingineko hubebeshwa juu ya mlimau wenye ganda la vinundu, kwa sababu mizizi yake huzama na kuvumilia kiangazi. Mlimau huo haukati tamaa. Chini ya kiungo hutoa machipukizi marefu yenye miiba mikali, na mwenye nyumba hufurahi kuona mti unavyokimbia. Baada ya miaka miwili anachuma malimau. Watu husema mchungwa umegeuka. Haukugeuka, ulikufa kwa njaa, na shina la chini likarithi nyumba. Kitaluni chagua mche usio na chipukizi hata moja chini ya kiungo, na nyumbani yavunje kwa kidole yakiwa bado laini. Ukienda kuonja mti mama pwani, usihukumu kwa rangi: bila usiku wa baridi chungwa hubaki kijani hata likiwa limeiva na kujaa sukari.

Parachichi la Hass lina hadithi ambayo kila mpandaji angepaswa kuijua. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua California. Alipanda kokwa, akajaribu kubebesha kikonyo cha Fuerte juu ya mche wake, vikagoma, akauacha uote unavyotaka. Tunda lililotoka aliliandikishia hataza mwaka 1935. Kila Hass iliyopo leo Njombe, Rungwe au Murang'a ni kikonyo cha kikonyo cha kikonyo kutoka mti ule mmoja. Nao wenyewe ulikufa kwa kuoza mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Ugonjwa huo hupenda maji yaliyosimama, kwa hiyo kabla ya kununua parachichi jaza shimo lako maji. Kama saa kadhaa baadaye bado yapo, panda juu ya tuta au panda kitu kingine. Na usihangaike na Hass kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Huko parachichi kubwa la kienyeji, laini na lenye majimaji, liko kwao.

Waulize pia wauzaji wa parachichi kuhusu maua. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, kisha mchana wa siku ya pili likafunguka tena likiwa dume. Fuerte hufanya kinyume. Ndiyo maana miti hii miwili ikikaribiana, nyuki wakiwapo, huzaa vizuri kuliko kila mmoja peke yake. Mti wa jirani nyuma ya ukuta unatosha.

Papai halihitaji kitalu. Chukua mbegu za papai refu, si la mviringo, kwa sababu refu hutoka kwenye mti wenye ua la jinsia zote mbili, na aghalabu watoto wake hawawi madume. Panda mitatu shimo moja, ngoja maua, ng'oa wenye maua yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu, kisha ubakize mmoja. Shokishoki la Unguja lina tatizo lile lile kwa ukali zaidi: ukipanda mbegu, karibu nusu ya miti itakuwa dume, na utajua baada ya miaka ya kumwagilia. Hapo nunua wa kubebeshwa au uache.

Tukija kwenye karanga za mitini, wengi hutaja mkorosho kwanza. Uani nisingeupanda. Matawi yake hutambaa mpaka chini na kula eneo lote, ugonjwa wa ubwiriunga huuvamia wakati wa maua na kudai salfa, na moshi wa kuchoma maganda ya korosho si wa kumfanyia jirani. Mwenye nafasi ya nusu eka hivi ndiye atafute miche ya aina zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Akitaka kuotesha mwenyewe, atumbukize korosho kwenye maji na kupanda zilizozama tu.

Makadamia hupimwa kinyume chake. Kiini kilichobanguliwa ukakitia kwenye maji, kinachoelea ndicho kilichokomaa, kwa kuwa kimejaa mafuta. Kinachozama kilichumwa mapema. Mti huu wa Australia uliingia Kenya mwaka 1946 kwa mkono wa Bob Harries, karibu na Thika, na unataka ubaridi wa vilima kama vya huko. Wa mbegu utakuweka miaka saba au zaidi, kisha pengine ukupe ganda nene na kiini kama pipi. Aina bora za Kenya zimebeba herufi za kwao: MRG-20 ya Murang'a, KRG-15 ya Kirinyaga, EMB-1 ya Embu. Zikikomaa huanguka zenyewe. Anayekuuzia karanga za mti mama kama ushahidi, muulize kama aliziokota au alizipukusa.

Kwa aliye pwani, karanga ya kweli ya uani ni nazi, wasionielewa wanisamehe. (Kungu nazo ni tamu, lakini mkungu hupukutisha majani mara mbili kwa mwaka, na fagio ni lako.) Amua kwanza unataka dafu au tui. Kitamli ni mfupi, huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne na maji yake hayana mfano. Mnazi mrefu wa kienyeji hukungojesha sita hadi minane, lakini nazi yake ndiyo ya kukuna. Katika safu ya nazi zilizolazwa kuoteshwa, chukua zilizochipua mapema, zenye shingo nene, ambazo majani yake yameanza kupasuka wakati wenzao bado ni bapa zima. Chungulia katikati ya kuti: tundu na machujo ni kazi ya mdudu chonga, na huyo utamhamishia kwako. Kitamli kaa nacho karibu na jiko. Mrefu uhesabie hatua kumi kutoka kwenye bati, mbali na karo, na mbali na mahali wageni wanapoegesha magari.