Fimbo ya Faldo, Kitanzi cha Furyk

Mwaka 1983 Nick Faldo aliongoza orodha ya mapato ya wacheza gofu wa kulipwa barani Ulaya na kushinda mashindano matano. Aprili iliyofuata akavuka bahari na kushinda Hilton Head, Marekani. Alikuwa kijana wa miaka 26, mrefu, na swingi yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba watu walisimama kwenye uwanja wa mazoezi kumtazama tu. Mwaka 1985 akamwendea kocha David Leadbetter, Mwingereza aliyekulia Zimbabwe, akamwomba aibomoe swingi hiyo yote, ianze upya.

Ilimgharimu. Mwaka 1985 hakushinda, na 1986 hakushinda. Wadhamini wakaanza kumponyoka, na magazeti ya kwao Uingereza, ambayo tayari yalimtania kuwa ni mtu wa kulegea siku ya mwisho, yakapata la kuandika kila wiki. Hadithi inavyoendelea wengi wanaijua: 1987 akatwaa taji la Open, na kufikia 1996 alikuwa na mataji makubwa sita, matatu ya Open na matatu ya Masters. Wanaoisimulia vilabuni huishia hapo, kisha mwenye handikapu ya 18 anatoka akiamini kwamba njia ya kushinda ni kubomoa. Mimi naona cha kujifunza zaidi kiko kwenye namna Faldo alivyoamua.

Kwanza, hakuamua kwa kutazama sura ya swingi yake. Sura ilikuwa nzuri. Alitazama mipira ilikokwenda na siku ilipokwenda huko. Julai 1983, kule Royal Birkdale, aliongoza Open ndani ya raundi ya mwisho kisha akateleza hadi nafasi ya nane. Kwenye Masters ya Aprili 1984, kule Augusta, aliingia siku ya mwisho akiwa karibu na wanaoongoza, akapiga mikwaju 76 na kupotea. Siku tulivu mpira wake ulipaa juu na kutua laini. Siku ya upepo, au mashimo tisa ya mwisho yenye presha, mpira uleule uliopaa juu ulikuwa mzigo, na hakuwa na namna ya kuaminika ya kuupiga chini ukakata upepo.

Chanzo kilikuwa pale fimbo ilipopanda. Ilipanda wima mno, vifundo vya mikono vikichelewa kukunjika. Wakati wa kushuka, miguu ilikimbilia mbele kwa nguvu huku kifua kikibaki nyuma, na mgongo ukajipinda mwishoni kwa namna ambayo vijana wa enzi ile waliiga na wengine wakaja kuumwa viuno. Katikati ya vurugu hiyo, viganja ndivyo vilivyookoa kila kitu sekunde ya mwisho. Faldo alikuwa na viganja bora kuliko karibu kila mtu, kwa hiyo viliokoa mara nyingi. Lakini uokozi wa namna hiyo unategemea kuwahi, na hofu huvuruga kuwahi kabla ya kuvuruga kitu kingine chochote.

Hapa inabidi tushuke kidogo kwenye fizikia. Uso wa fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Mahali uso ulipoelekea wakati huo ndiko mpira unakoanzia safari, kwa sehemu kubwa. Mpira hupinda hewani kwa sababu ya tofauti kati ya uelekeo wa uso na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukikosea kwa digrii moja tu, mpira wa mita 230 unatua mita nne pembeni hata kabla haujaanza kupinda. Mpira wenyewe haujui fimbo ilipita wapi ilipokuwa ikipanda. Kwa hiyo kasoro ya kupandisha ina maana pale tu inapolazimisha marekebisho wakati wa kushuka. Na kushuka ni kwa haraka: kwa wachezaji wa kulipwa, kupandisha huchukua kama robo tatu ya sekunde, kushusha kama robo. Katika robo hiyo hakuna anayewaza. Marekebisho yawe mazoea ya mwili, au yasiwepo.

Leadbetter alianzia kwenye kupandisha: vifundo vikunjwe mapema, mkono wa kushoto uzunguke kidogo, fimbo ilale zaidi badala ya kusimama, kifua kigeuke huku miguu ikikaza. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya wiki tatu. Tatizo ni kwamba miguu ya Faldo ilikuwa imejifunza kukimbia kwa sababu fimbo ilikuwa wima. Fimbo ilipolala, mbio zilezile zikawa kosa, kwa kuwa fimbo sasa ilikwama nyuma ya mwili. Ikabidi miguu itulizwe. Miguu ilipotulia, viganja vilivyozoea kuokoa vikawa vinaokoa kitu ambacho hakikuwa kinazama, na mpira ukapinda kushoto. Ikabidi navyo vinyamazishwe. Kasoro na dawa yake vilikuwa vimeoana kwa miaka mingi. Ukimfukuza mmoja, mwenzake anabaki nyumbani akifanya fujo. Miaka miwili iliishia humo, kwa mamia ya mipira kila siku.

Siku ya malipo ilikuwa Jumapili ya Julai 1987, Muirfield, Scotland, katika baridi na ukungu. Faldo alimaliza mashimo yote 18 kwa kiwango kilichowekwa, bila kuongeza wala kupunguza mkwaju hata mmoja. Jumla yake ya siku nne ikawa 279. Paul Azinger, aliyekuwa akiongoza, alipoteza mkwaju shimo la 17 na mwingine la 18, na Faldo akashinda kwa mkwaju mmoja. Watu walisema mchezo wake ulichosha kuutazama. Ulichosha kweli. Lakini kwenye shimo la mwisho, taji likiwa linaning'inia, alitoa fimbo ya chuma namba 5 na mpira ukatua kwenye grini, na ule ndio mkwaju ambao swingi ya 1983 isingemhakikishia.

Sasa mtazame Jim Furyk. Fimbo yake inaondoka ikielekea nje, inapanda wima hadi unahisi itamponyoka, halafu kileleni inachora kitanzi na kudondokea nyuma yake, kiwiko cha kulia kikipita karibu kabisa na ubavu. Mtangazaji David Feherty aliwahi kuifananisha na pweza anayeanguka kutoka mtini, na hakuna kocha anayeweza kumfundisha mtoto hivyo akabaki na kazi. Mwalimu wa Furyk tangu utotoni ni baba yake, Mike, aliyefundisha gofu klabuni. Mzee aliona kitanzi kile mapema na akakiacha. Mwaka 2003 mwanawe akashinda US Open huko Olympia Fields, karibu na Chicago, kwa tofauti ya mikwaju mitatu. Agosti 2016, akiwa na miaka 46, akapiga 58 kwa raundi moja huko Connecticut, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika historia ya PGA Tour.

Kwa nini yeye hakuhitaji kubomolewa? Kitanzi chake ni kilekile kila mara, asubuhi na jioni, Alhamisi na Jumapili. Marekebisho anayoyafanya ni makubwa kuyatazama, lakini hufanyika juu kabisa, mapema, mwili ukiwa bado na nafasi. Fimbo ikifika usawa wa nyonga, Furyk ni kama kitabu cha mafunzo. Faldo wa zamani alirekebisha chini, karibu na mpira, kwa viganja. Ukiniuliza tofauti ya maana kati ya kasoro hizo mbili, ni hiyo tu: deni linalipwa wapi. Linalolipwa mapema unaweza kuishi nalo. Linalolipwa mlangoni litakuumbua siku moja, na siku hiyo haitakuwa ya mazoezi.

Ndiyo maana sipendi ushauri wa bure unaogawiwa viwanja vyetu vya mazoezi, kuanzia Lugalo hadi Entebbe. Mtu anapiga mpira, kiwiko cha kulia kinanyanyuka, na wa pembeni anadakia: "Kiwiko hicho, mzee, kinaruka!" Mzee anakibana ubavuni. Sasa mabega hayageuki tena, mikono inapanda peke yake, na mpira uliokuwa ukienda kulia kidogo unaanza kwenda kila mahali. Jack Nicklaus alicheza maisha yake yote na kiwiko kilichoruka, na ana mataji makubwa 18. Swali la kumuuliza mzee lilikuwa mipira yake mibaya inakwenda wapi.

Hilo ndilo swali ninalolianzia. Mipira mibaya ikienda upande mmoja, una tabia, na tabia inaweza kulengewa. Ikienda kulia, simama uelekee kushoto kidogo, acha mpira urudi, endelea na maisha yako. Wachezaji wengi waliokua wakibeba mikoba ya wanachama na kujifunza kwa macho wana swingi za aina hiyo, zenye sura ya ajabu na uso wa fimbo unaorudi palepale kila mara, na nimeona walimu wakiziharibu kwa nia njema. Mipira ikienda pande zote mbili, hasa raundi inapokaribia mwisho au pesa ikiwekwa mezani, hapo hakuna cha kulengea, na swingi inakudai. Kama mgongo au kifundo cha mkono kinauma, usisubiri ushahidi wa mipira. Rekebisha.

Kabla ya kugusa kupandisha, tazama unavyoshika fimbo na unavyosimama. Kasoro nyingi zinazoonekana kileleni zilizaliwa fimbo ikiwa bado chini. Mkono wa kushoto uliogeuzwa mno kulia utaufunga uso wa fimbo kileleni hata uifanyeje swingi. Mpira uliowekwa mbele mno utakufundisha kutupa mikono nje. Simu moja iliyosimamishwa nyuma yako, kimo cha viganja, sambamba na mstari wa unakolenga, itakuonyesha mengi kuliko marafiki wanne. Ikisogea upande hata kidogo tu, fimbo iliyo sawa itaonekana imepanda vibaya, na nimeona watu wakitibu kosa la kamera.

Kinachobaki ni muda, na hapa wengi hujidanganya. Tiger Woods alishinda Masters ya 1997 kwa mikwaju 12, akatazama video, hakupenda alichokiona, akarudi kwa kocha wake, Butch Harmon, kujenga upya. Mwaka 1998 alishinda shindano moja tu la PGA Tour. Mwaka 2000 akashinda US Open kwa mikwaju 15. Alikuwa na miaka 21 alipoanza, siku nzima ilikuwa yake, na kocha alikuwa pembeni. Padraig Harrington alianza na mkono mzuri zaidi: Open 2007, Open 2008, PGA Championship 2008. Naye akaendelea kuchokonoa swingi yake akitafuta bora zaidi, na ushindi wake uliofuata wa PGA Tour ulikuja 2015. Sisemi mabadiliko peke yake ndiyo yaliyomzuia. Umri unakwenda na wapinzani wanakua. Lakini Faldo alikuwa na mkwaju maalumu uliomshinda, siku maalumu. Kwa Harrington, aliyetoka kutwaa mataji matatu ndani ya miezi kumi na tatu, sijui ungeuita nini.

Anayecheza Jumamosi tu hana miaka miwili ya Faldo, kwa hiyo achague kitu kimoja na kipindi kimoja. Miezi ya masika inafaa, uwanja ukiwa umelowa. Afanye swingi za nusu kwa fimbo ya chuma namba 8, bila kuhesabu alama, na asikubali shindano lolote hadi nusu hiyo itoke bila kuwaza. Aweke tarehe ya kuhukumu kabla hajaanza, aiandike, kwa sababu katikati ya safari atapiga vibaya kuliko alivyokuwa, na bila tarehe ataacha wiki ya tatu au hataacha kabisa. Ikifika tarehe na mipira bado inakwenda pande zote mbili, arudi kwa kocha na video ya siku ya kwanza, waanze tena na mikono inavyoishika fimbo.