Mfarishi wa Vipande: Mikono ya Pili Inahitajika Wapi?

Kila jioni fundi cherehani wa Buhongwa, Mwanza, hufagia mali ambayo haiingii kwenye hesabu zake: vipembe vya kitenge, mabaki ya sare za shule, mapindo ya suruali zilizofupishwa. Vikubwa vikipata bahati huwa foronya au kaptula ya mtoto. Vidogo vinawashia jiko. Kiroba kikishindiliwa vizuri, masalio hayo yanaweza kutoa mfarishi wa kitanda cha nne kwa sita, na katika nyumba ambayo mama anashona na binti amekua akimtazama, hata mikono ya kuutengeneza ipo. Swali ni namna ya kugawana kazi. Wengi hudhani ni kugawana nusu kwa nusu, mama ashone upande wake na binti upande wake, kisha waunganishe. Hapo ndipo mfarishi unapoharibika.

Mfano ulioelezwa vizuri kuliko mingi unatoka mbali, Gee's Bend, Alabama, Marekani. Ni kijiji kilicho kwenye kona ya Mto Alabama, na wakazi wake wengi wanaitwa Pettway, jina la mwenye shamba aliyewamiliki mababu zao enzi za utumwa. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Akazichukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati, akazigeuza mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Aliyemsaidia ni binti yake Arlonzia, msichana wa miaka kama 17 au 18. Mfarishi huo una urefu wa sentimita zipatazo 229 na upana wa 175. Ukiutandika kwenye nne kwa sita, unaning'inia kama sentimita 26 kila ubavu.

Miaka mingi baadaye Arlonzia alieleza kazi aliyopewa, na maelezo yake ni ya kiufundi kabisa. Mguu wa suruali ni mwembamba chini na mpana juu. Yeye alisaidia kuzichana nguo, akaondoa ule upana wa juu ili kila kipande kiwe na upana sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ielewe hesabu iliyo ndani ya kazi hiyo. Mguu wa suruali ukiufumua hupati mstatili, unapata kitu kinachotanuka kuelekea kiunoni. Ukiunga vitano vya namna hiyo bila kuvisawazisha, mfarishi unapanuka upande mmoja kama sketi, na pasi haitakusaidia. Kusawazisha ni kazi ya mkono mtulivu, haihitaji jicho la kupanga rangi, kwa hiyo binti anaweza kukabidhiwa yote. Kupanga ni jambo jingine. Nguo ya kazi hupauka magotini na kubaki na rangi yake palipokuwa mfuko, na ukibandua mfuko unapata kiraka cha buluu iliyokolea ambacho hakuna duka linalokiuza. Kiraka hicho kikae wapi? Wakiamua wawili, kila mmoja atavutia kwake. Aamue mmoja, na si lazima awe mama.

Turudi Buhongwa. Kazi ya kwanza ya binti ni kutenganisha pamba na plastiki, maana vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kitenge leo vina nyuzi za poliesta. Kipimo ni kiberiti. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe: pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika, poliesta inajikunyata, inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Pamba husinyaa ikifuliwa, poliesta haisinyai. Ukivichanganya bila kuvifua kwanza, ufuaji wa kwanza tu utakuletea mikunjo kwenye kila mshono.

Halafu kupasua. Kitambaa cha pamba cha kufumwa kawaida kikichanjwa ukingoni na kuvutwa kwa mikono miwili, hupasuka kufuata uzi wake, na mstari unaopatikana umenyooka kuliko wa mkasi. Vipande vilivyokatwa kimshazari vinanyumbuka, na fulana hazifai kabisa.

Kwenye kuunga, fundi aliyezoea nguo anapoteza kitambaa kingi bila kujua. Nguo huachiwa sentimita 1.5 za mshono ili iweze kuachiliwa mwenyewe akinenepa. Mfarishi haunenepi. Kipande cha sentimita 10 kikiliwa 1.5 kila upande kinabaki 7, na upana wa 175 unadai vipande 25. Punguza mshono uwe robo tatu ya sentimita, kipande kinabaki 8.5, na 21 vinatosha. Pwani walifanya hesabu za namna hii zamani: katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa waliunga leso sita, safu mbili za tatu tatu, kupata vazi moja, na humo ndimo kanga ilimozaliwa.

Kuunga basi ni kazi ya mtu mmoja. Mikono ya pili inakuwa ya lazima pale tabaka tatu zinapokutana: shuka ya chini, kijazo cha kati, na uso wa vipande. Mkeka unatandikwa sakafuni, mama upande huu, binti ule, wanavuta kwa nguvu sawa na kupiga bandi kuanzia katikati kwenda nje, ili hewa na makunyanzi vitokee pembeni. "Mama, legeza kidogo" ndiyo sentensi inayosikika zaidi saa hiyo, na mama mwenye busara hulegeza.

Ipo njia inayokwepa bandi. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao miongoni mwa mababu zao wapo waliopelekwa huko kutoka Afrika Mashariki, huanzia ukingoni. Hutandika sari kuukuu chini, huweka kiraka, hushona kwa mkono, huongeza kingine, wakizunguka hadi katikati. Kuunga vipande na kushikiza tabaka vinakwenda pamoja. Kwa asiye na cherehani hii ndiyo njia ya kuiga.

Mwenye cherehani ana kikwazo kingine, nafasi iliyo chini ya mkono wa mashine. Mfarishi unapaswa kuviringishwa upite pale, na uzito wake unaoning'inia huvuta sindano hadi ivunjike. Mmoja akanyage pedeli na kuongoza mshono, mwingine asimame nyuma akiubeba mzigo. Asiuvute, aubebe tu.

Na kijazo? Ukiifuata barabara ya Shinyanga kutoka Buhongwa unafika karibu na Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichotoa mbegu za pamba kama UK 77 na UK 91, kwa hiyo hamu ya kujaza pamba mbichi inaeleweka. Lakini pamba isiyoshikiliwa hujikusanya mabonge ikifuliwa, na dawa yake ni mishono ya karibu karibu eneo lote. Blanketi lililochakaa linafanya kazi hiyo bila usumbufu, na kwa baridi ya Mwanza ya Juni na Julai linatosha.

Wanaotaka kujaribu waanze na mfarishi wa mtoto, mita moja kwa moja, unaopita kwenye cherehani yoyote. Na fundi awe na viroba viwili badala ya kimoja: cha pamba na cha poliesta, akivitenganisha kipande kinapodondoka, kabla ya ufagio.