Thuluthi si 0.33

Jibu ni shilingi 18,000, na mwalimu wa ile video iliyosambaa aliandika 18,000 ubaoni. Hata hivyo alikosea, na wazazi waliomsifu kwenye makundi yao ya WhatsApp, kuanzia Lavington hadi Uthiru, walisifu makosa.

Swali mmeliona kwenye video. Mama mboga wa Kangemi alilipa kodi kwa thuluthi ya mapato yake, akatumia robo ya kilichobaki kwa nauli ya kuendea mjini, akabaki na shilingi 9,000. Alianza na ngapi? Mwalimu alilisoma vizuri. Hakuichukua robo kutoka kwa mapato yote, mtego unaonasa watoto wengi.

Kisha akaandika 1/3 = 0.33.

Ilikuwa ya nini? Thuluthi ikiwekwa katika desimali, tatu zake hazina mwisho; ukikata baada ya ya pili, umemdhulumu mama mboga kabla hujaanza kumhesabia. Mwalimu akatoa 0.33 kwenye 1, akapata 0.67, akazidisha kwa 0.75, ikaja 0.5025. Akagawanya 9,000 kwa nambari hiyo na kikokotoo kikampa 17,910.45. Hapo angesimama. Senti 45 katika swali la pesa kamili ni kengele. Yeye akasema ni makadirio tu, akafuta, akaandika 18,000. Makadirio ya wapi? Kwa kumi iliyo karibu ni 17,910. Kwa mia ni 17,900. Ni kwa elfu pekee inapofika 18,000, na hakuna aliyeomba elfu. Aliyefanya hivyo alijua jibu mapema, akaisukuma hesabu ifike huko.

Jaribu kurudi nyuma na 17,910: kodi 5,970, zinabaki 11,940, nauli 2,985, zinabaki 8,955. Shilingi 45 hazipo. Mwalimu hakurudi nyuma kukagua, na hilo linaniudhi kuliko ile 0.33 yenyewe.

Kwa akisami, kazi ni fupi. Baada ya kodi zinabaki 2/3. Baada ya nauli inabaki 3/4 ya 2/3, yaani 6/12, yaani nusu. Nusu ni 9,000.

Walimu wa zamani hata hawakuhitaji kuzidisha. Walichora mstatili, wakaukata vipande vitatu sawa, wakatia kivuli kipande cha kodi. Vipande viwili vilivyobaki wakavikata nusu nusu vikawa vinne, kimoja wakakipa nauli. Vitatu vilivyosalia ni 9,000, kila kimoja 3,000, na mstatili mzima ni vipande sita. Mtoto wa nyuma kabisa darasani aliona kwa macho yake. Sijaona mbinu ya kisasa iliyoushinda mstatili ule.

Nimelalamika hapa mara nyingi kuhusu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kuanzia 1985 hadi 2023, watahiniwa walifanya maswali 50 ya hisabati bila kikokotoo, na kwa hilo nausifu. Ila ulikuwa mtihani wa A, B, C na D, na watoto walijifunza kujaribisha herufi moja baada ya nyingine hadi moja ikubali. Mtihani umeondoka, lakini mazoea ya kulikimbilia jibu yamebaki, hata kwa walimu.

Mapema 2025, hisabati ilipoachwa nje ya masomo ya lazima ya sekondari pevu, nilipinga. Mwezi Aprili Waziri wa Elimu Julius Ogamba alipotangaza kwamba itakuwa ya lazima, nilifurahi. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kwamba thuluthi ni 0.33 atafika huko akiwa na nyufa ambazo agizo la wizara kutoka Jogoo House haliwezi kuziba.

Mwalimu airekodi video upya, kwa akisami, na amalizie kwa kukagua. Nanyi wazazi, mtoto akileta daftari jioni, someni mistari ya katikati kabla ya kutazama jibu.